Nipe mji

Fundi simu alivuta karata, akaigeuza juu ya meza ya plastiki, sote tukainama kuitazama.

Tatu ya kopa.

"Tatu, na tano yangu, nane," akasema. Alikuwa anahitaji kumi na tano.

Mbele yake, ndani ya hadithi, palikuwa na mlango wa ghala chini ya jumba la Husuni Kubwa, Kilwa, mwaka 1331. Nyuma ya mlango kulikuwa na sanduku, ndani ya sanduku kulikuwa na barua, na ndani ya barua nilikuwa nimeweka kila kitu nilichokiandaa kwa wiki mbili: nani kamuua karani wa forodha, dhahabu iliyotoka Sofala imeishia wapi, na kwa nini nahodha wa Aden ana haraka ya kutweka tanga.

"Haufunguki," nikasema.

Wakanitazama. Na mimi nikawatazama.

Walijaribu kuuvunja kwa mabega. Nikasema ni mzito. Walitaka kuchimba chini ya kizingiti. Nikasema sakafu ni ya mawe na chokaa. Binamu yangu akataka kuutia moto, nikamwambia moshi utawamaliza wao kwanza. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika "mlango mzito sana", basi nikaulinda uzito ule kama shamba la urithi.

Dada wa benki akatoa simu. Mwalimu wa hesabu akaaga kwamba anakwenda kununua mihogo pale kona, akakaa huko muda ambao ungetosha kuipanda. Ikapita kama dakika arobaini. Mwisho nikaona aibu, nikamleta mlinzi wa usiku, amelewa, funguo zinaning'inia kiunoni. Akafungua mlango mwenyewe na kuondoka zake.

Fundi simu akacheka. "Kwa hiyo kaka, muda wote huo tulikuwa tunamsubiri mlinzi?"

Alisema kwa utani, na mimi nikacheka. Wiki tatu nzima sikuacha kuisikia sentensi ile.

## Asilimia 45

Mnaosoma hapa mnajua michezo hii ya kutamba hadithi mezani inavyokwenda, sitawachosha: mmoja anaendesha hadithi, kila mwingine ana mhusika wake ndani yake, na jambo gumu linaamuliwa kwa namba ya dadu pamoja na nyongeza ya mhusika. Niseme tu kwamba sisi ni watu sita, Jumamosi jioni, kibarazani kwangu Mwananyamala, na mtu anayeendesha kikao tunamwita mtambaji, kwa sababu neno lipo na linatosha. Mtambaji ni mimi.

Dadu ya pande ishirini hatuna. Madukani unapata za ludo, za pande sita, basi. Kwa hiyo tunatumia karata. Unatoa picha zote (wazee wa kwetu Tanga karata za picha huziita wazungu, na raha ya kusema "toa wazungu wote" haijawahi kuisha pale mezani), unabaki na karata arobaini. Ree ni moja. Nyekundu, yaani kopa na uru, zinahesabiwa kama zilivyo, moja hadi kumi. Nyeusi, shupaza na pau, unaongeza kumi. Kila namba kuanzia 1 hadi 20 ina karata mbili, sawasawa kabisa na dadu, mradi kila ukivuta uirudishe na uchanganye upya. Ukisahau kurudisha, mwalimu wa hesabu atakukumbusha, na hatakukumbusha kwa upole.

Ni huyohuyo mwalimu aliyenitumia ujumbe kesho yake asubuhi.

"Mlango wako ulitaka 15. Jamaa ana +5. Anafaulu kwa karata za 10 hadi 20, yaani 11 kati ya 20. Asilimia 55. Jioni yetu yote uliiweka juu ya kitu chenye asilimia 45 ya kugoma."

Sikujibu. Nilisoma, nikaweka simu kifudifudi.

Maana nilikuwa nimejiambia kwamba tatizo ni bahati mbaya. Karata imetoka mbaya, inatokea. Sasa mtu ananionyesha kwamba karibu nusu ya dunia zote zinazowezekana zinaishia na watu sita wakikodolea macho mlango, na kwamba dunia hizo nimezijenga mimi kwa kalamu yangu, mezani, nikiwa nimekaa vizuri na chai.

Jambo la kwanza nililojifunza, basi, lilikuwa dogo na la aibu. Kabla hujamwambia mtu avute karata, jiulize akikosa itakuwaje. Kama jibu ni "hakuna kitu", usimwambie avute. Mfungulie mlango aingie.

Lakini hilo halikunitosha. Kufuli ni kufuli. Mtu aliyechagua mhusika mwizi anataka kufuli limtetemeshe mikono.

## Yai

Wiki ya tatu nilikwenda Tanga kumsalimia bibi mzaa mama. Umeme ulikatika baada ya magharibi, na bibi, ambaye runinga haijawahi kumnasa hata umeme ukiwepo, akawakusanya watoto mkekani.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

Wakubwa walilijua, wakanyamazishwa. Zamu ilikuwa ya mpwa wangu wa miaka mitano. Akafikiri. Akasema jiwe. Akasema kaburi, watu wakashtuka kidogo. Akasema pipa.

"Umeshindwa, mume wangu," bibi akasema. "Nipe mji."

"Nakupa Dodoma."

Bibi akajiweka sawa. "Dodoma nimekwenda. Nimefika saa ya chakula, wamenikaribisha ugali, zabibu nimekula mpaka nimefunga nyingine kwenye kanga. Nimelala, nimeamka, nimerudi. Nyumba isiyo na mlango ni yai."

"Aaah!" watoto wote.

Na papo hapo: "Kitendawili!" "Tega!"

Nilikuwa nimeegemea ukuta, nasikiliza nusu nusu kama mtu mzima anavyosikiliza mambo ya watoto. Halafu nikakaa wima.

Mtoto ameshindwa. Jibu kapewa.

Sote tumekulia kwenye mchezo huu na nadhani ndiyo maana hatuuoni. Hakuna kitendawili kinachobaki kimefungwa. Bibi hasemi "haufunguki" kisha akakaa kimya mpaka watoto watoe simu. Ukipata, umepata. Usipopata, unalipa mji, mtegaji anautembelea, anautamba apendavyo, kisha mlango unafunguliwa na zamu inasonga. Kushindwa kunabadilisha nani anamiliki Dodoma. Mchezo wenyewe hausimami.

Na tazama kinachotokea katikati, kati ya kushindwa na jibu. Zile zabibu. Ile kanga. Sehemu iliyowachekesha watoto zaidi usiku ule ilikuwa safari ya bibi Dodoma, na safari ile isingekuwepo kama mtoto angepata jibu.

Mimi nilikuwa nimekaa na mlango wangu wa Kilwa dakika arobaini bila kumwomba mtu hata kijiji.

## Wenzetu walishaandika

Ili nisijisifu kwa nazi ya jirani: jambo hili limeandikwa, na nilikuwa nimelisoma. Mwaka 2010 Vincent Baker na Meguey Baker walitoa Apocalypse World, mchezo unaotumia dadu mbili za kawaida, zilezile za ludo. Ukipata 10 au zaidi, umefanikiwa. Ukipata 7 hadi 9, unapata unachotaka lakini kuna unacholipa. Ukipata 6 kushuka chini, mtambaji anafanya kitu, hadithi inakupiga. Hakuna jibu la "haikutokea kitu".

Hesabu yake ni nzuri kuitazama. Dadu mbili zina matokeo 36. Bila nyongeza yoyote, 10 na kuendelea ni matokeo 6, 7 hadi 9 ni 15, na 6 kushuka ni 15. Ukiwa na +2 mambo yanapinduka: kufaulu kabisa 15, kulipa 15, balaa 6. Yaani hata mtu hodari, mara 15 katika 36 analipa mji. Michezo mingi sana imezaliwa kutoka kwenye utaratibu huo.

Hata Dungeons & Dragons, babu wa ukoo mzima, aliyetolewa na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, ana kanuni ya hiari kwenye kitabu cha mtambaji cha 2014: ukikosa kwa moja au mbili tu, unaweza kupewa ushindi wenye gharama. Kitabu hicho ninacho tangu zamani. Kanuni hiyo ninayo tangu zamani. Nilisubiri umeme ukatike Tanga.

Kwa nini sikuielewa nilipoisoma? Nimelifikiria hilo kuliko nilivyotarajia. Nadhani niliisoma kama kanuni ya huruma, kitu cha kuwasaidia wachezaji dhaifu wasilie. Na mimi nilitaka kuwa mtambaji mkali. Bibi yangu ndiye mtegaji mkali kuliko wote ninaowajua, na hajawahi kumwacha mtu nje ya jibu.

## Nilivyoharibu tena

Jumamosi iliyofuata nikarudi mezani nimejaa moto kama mhubiri mpya.

Kila aliyekosa, nikampa. Ulikosa kuruka ukuta? Umeruka, ila umechubuka goti. Ulikosa kumdanganya mlinzi? Amekuamini, ila umechelewa kidogo. Ulikosa kufuata nyayo? Umezipata, ila umechoka.

Ilikwenda mbio. Hakuna aliyekwenda kununua mihogo. Baada ya saa moja hivi nikaona wanavuta karata bila kuitazama, kama mtu anayegonga muhuri.

Mwalimu akaweka karata chini. "Kaka, nikuulize. Kama kila mlango unafunguka, karata za nini?"

Nikajaribu kumweleza habari za Dodoma. Akasikiliza vizuri, maana ni mtu wa heshima. Kisha akasema, "Dodoma haikumuuma mtoto."

Nikakasirika, kwa sababu nilikuwa nataka kuwa nimemaliza kufikiri.

Wageni walipoondoka nikakumbuka kitendawili kingine cha usiku ule. Bibi alikuwa ametega "Kuku wangu katagia mwibani." Mpwa wangu akashindwa tena. Nipe mji. Dodoma alishaitoa, Dar ilikuwa imetolewa na dada yake, na miji mingine alikuwa haijui. Akatoa alioujua.

"Nakupa Tanga."

"Tanga!" Bibi akashika kifua. "Tanga nimekwenda. Nimeingia mtaa wa pili kutoka msikitini, nimekuta nyumba ya bati jekundu. Nimeingia. Kuna kitanda, nimekichukua. Kuna kuku watatu, nimewachukua. Kuna baiskeli haina breki..."

"Bibi, hiyo yangu!"

"Ilikuwa yako. Umenipa mji."

Mtoto aligeuka akaangalia mlangoni, kweli kabisa, kuhakikisha baiskeli ipo. Nanasi lilipotajwa hata hakulisikia. Vitendawili vilivyofuata alivisikiliza kama mtu aliyekaa kwenye mtihani.

Mwalimu alikuwa sahihi. Mji wa mbali hauumi.

## Bei inatoka kwao

Kwa hiyo sasa mtu akikosa, na kukosa kwake kukawa na uzito, siamui bei peke yangu. Namwambia neno lilelile: nipe mji. Yeye anataja anachotoa. Mimi nakubali au nakataa, na nikikubali, ni lazima niende nikautembelee huo mji, yaani niuchukue kweli na niutambe mbele yao.

Sharti ni moja tu. Kitu anachotoa lazima kiwe kimeandikwa kwenye karatasi yake ya mhusika, au kiwe jina la mtu aliyewahi kuongea naye hadithini. Kuchubuka goti hakumo kwenye karatasi. Mafuta ya taa yamo. Kisu cha marehemu baba kimo. Ahadi kwa mjane wa karani imo.

Kilichonishangaza ni ukali wao. Mimi ningemtoza dada wa benki sarafu kumi za shaba. Yeye mwenyewe alimtoa mpagazi wake, kijana aliyemwokoa bandarini vikao vinne nyuma, akamwacha nje ya lango walinzi wakija. Hakuna aliyeongea kwa muda. Mimi nisingethubutu kumwomba hilo.

Na anaweza kukataa kulipa. Hapo mlango haufunguki, na hakuna anayenilaumu, kwa sababu ameufunga yeye.

## Kwa nini Kilwa

Tulianza, kama wengi, na theluji, kasri na baa zenye mapipa ya bia. Tulicheza hivyo miezi mitano. Kila kitu nilikuwa naelezea kwa kukumbuka filamu, na wao wanakielewa kwa kukumbuka filamu, na kwa namna fulani hakuna aliyekuwa mle ndani.

Kilwa niliichagua kwa uvivu. Ibn Battuta alifika 1331 na kuandika aliyoyaona, hivyo nina shahidi. Sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, alijulikana kwa ukarimu mpaka akaitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Ibn Battuta anasimulia maskini mmoja kutoka Yemen aliyemsimamisha sultani akitoka sala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa, naye akampa. Kwa mtambaji hiyo ni dhahabu. Mhusika wako wa pembeni hahitaji historia ya kurasa mbili, anahitaji jambo moja ambalo mchezaji anaweza kulishika na kulitumia. Binamu yangu alipoisikia habari ya nguo, mpango wake wa kuingia ikulu ulikuwa tayari ndani ya dakika moja, na ulihusisha sultani kubaki na kanzu ya ndani.

Ramani je? Magofu ya Husuni Kubwa yapo mpaka leo kisiwani: vyumba zaidi ya mia moja, nyua, ngazi za kushukia baharini, birika la kuogea lenye pembe nane. Wengine wanalipa fedha kununua ramani za mahandaki ya kubuni. Hili limesimama juu ya mwamba, limechorwa na wanaakiolojia, na magofu ya kisiwa hicho yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981.

Ila zawadi kubwa kuliko zote ni upepo.

Kuna ujanja uliopendwa sana tangu John Harper autumie kwenye Blades in the Dark: unachora duara, unaligawa vipande, sita au vinane, na kila jambo baya likisogea unajaza kipande. Likijaa, balaa limefika. Wachezaji wanaliona mezani muda wote. Mimi duara langu ni kaskazi. Vyombo vya Arabuni vimekuja nayo, nayo inakaribia kwisha, na kusi ikishika tu nahodha wa Aden anatweka tanga na dhahabu inaondoka. Vipande sita. Sikuhitaji kuwaeleza watu wa pwani maana yake. Nilipojaza kipande cha nne, mshonaji wetu akatazama miti nje ya kibaraza.

## Karatasi moja

Maandalizi yangu yalikuwa kurasa nane. Sasa ni karatasi moja, upande mmoja, na naandika Ijumaa usiku kwa nusu saa.

Sehemu kubwa nimeichukua kwa Mike Shea, anayefundisha utambaji wa kivivu, uvivu wa makusudi. La maana zaidi kwangu ni siri kumi. Unaandika mambo kumi ambayo wachezaji wanaweza kuyagundua, sentensi moja moja, bila kuandika yako wapi. "Karani alikuwa anajua kusoma Kigujarati." "Mizani ya forodha imechezewa." Halafu wakizungumza na mvuvi, mvuvi ana mojawapo. Wakipekua kapu, kapu lina mojawapo. Barua yangu ya ghalani ilikuwa na siri kama sita zilizofungiwa chumba kimoja. Ningeziacha zizurure, mlango ule ungekuwa mlango tu.

La pili ni la Justin Alexander: kila hitimisho unalotaka walifikie, weka dalili tatu. Mwalimu alilipenda hili kwa sababu zake. Kama kila dalili inapotea kwa asilimia 45, zote tatu kupotea ni 0.45 mara 0.45 mara 0.45, inabaki 0.091. Asilimia 9. "Hapo," akasema, "ningekusamehe."

## Kisosi

Hili nililiweka baadaye, na nililiweka kwa kuchelewa.

Tulikuwa kikao cha pili au cha tatu cha Kilwa, nikaleta mvua. Nikaipamba. Maji yakapanda kizingiti, vyungu vikaelea, mtoto akaitwa hakuitika. Nilikuwa najisikia natamba vizuri. Mshonaji akainuka, akasema anakwenda kuangalia jiko, na jiko la kwangu halikuwa na kitu.

Kwao ilikuwa Jangwani, bondeni hapa Dar. Nyumba yao ilikwenda na maji Desemba 2011. Nilikuwa najua. Ndilo linaloniuma, nilikuwa najua.

Tangu siku hiyo katikati ya meza kuna kisosi kimefunikwa. Yeyote akikigeuza, tunaruka mbele, hakuna anayeuliza kwa nini. Asili yake ni kadi yenye alama ya X ya John Stavropoulos, sisi tumeweka kisosi kwa sababu karata tayari zina kazi. Na kabla ya hadithi mpya tunakaa kikao kizima bila kucheza, kila mtu anasema asichotaka kukiona kabisa na kile ambacho kikitokea kipite nyuma ya pazia. Kisosi kimegeuzwa mara mbili tu. Mara moja nilikigeuza mimi.

## Vya bure, na bando

Mnaniuliza vifaa kila mara, basi kwa ufupi.

Kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons, zile zinazoitwa SRD 5.1, zipo bure mtandaoni tangu Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons. Ni kurasa karibu 400, pakua mara moja ukiwa na mtandao wa ofisini. Leseni hiyo inakuruhusu hata kutafsiri na kuuza, mradi utaje chanzo, na nashangaa hatujalifanya. Sisi mezani tuna vyetu: "uhai", "zamu", "kujinusuru", na kwa ngao tunasema ngao. Cairn ya Yochai Gal ni bure pia, fupi, inatumia karatasi chache na haikusumbui na hesabu. Anayeanza kesho jioni bila kusoma chochote achukue Lasers & Feelings ya John Harper. Ni ukurasa mmoja, na dadu za ludo zinatosha.

Kwa walio mbali mbali, Roll20 inafunguka kwenye kivinjari, ila ramani zake zinakula bando. Binamu akiwa chuoni tunampigia kwa sauti tu, anaweka karata zake mwenyewe na tunamwamini, isipokuwa mwalimu.

## Jumba lilelile

Jumamosi iliyopita walirudi Husuni Kubwa. Duara limejaa vipande vitano. Mlango mwingine, ng'ambo ya birika la pembe nane, na nyuma yake, safari hii, sijui kuna nini hasa. Nina siri nne zilizobaki na yoyote inaweza kuwa pale.

Ni usiku hadithini na mwanga ni mmoja: taa ya shaba ya marehemu karani. Mjane wake aliwakabidhi, fundi simu akaapa atairudisha kwa mkono wake. Imeandikwa kwenye karatasi yake, kwa wino.

Akavuta.

Nne ya uru. Nne na tano, tisa.

Hakunitazama kama ile siku. Aliitazama karatasi yake, akapitisha kidole kutoka juu kwenda chini, polepole, akafika mwisho, akaanza tena juu.

"Nipe mji," nikasema.

Akakaa kimya. Mihogo ilikuwa mezani, imepoa, hakuna aliyeigusa.

"Nakupa taa."

Dada wa benki akainua kichwa. "Ile ya mjane?"

"Nyingine hatuna."

Nikaichukua. Nikawatambia ilivyomponyoka kwenye ngazi zenye utelezi, ilivyogonga ukingo wa birika mara mbili, jina la karani likimetameta ubavuni, ilivyozama ikiwa bado ina mwanga kidogo majini kabla ya kuzimika. Kisha nikasema kufuli limeachia, na mlango umefunguka kwa ndani, na hakuna anayeona kitu.

"Nani anatangulia?" nikauliza.